Filamu Zinazochubuliwa Makusudi

Katikati ya Planet Terror, filamu ya Robert Rodriguez ya mwaka 2007, picha inaanza kuungua mbele ya macho ya watazamaji. Wapenzi wawili wamekaribiana, rangi zinavimba na kubabuka kana kwamba mkanda umekwama kwenye projekta yenye moto, kisha linatokea tangazo la kuomba radhi: sehemu moja ya mkanda haipo. Picha inaporudi, jengo linawaka moto, maadui wamefika mlangoni, na wahusika wanazungumzia siri ambayo hatukuwahi kuisikia ikitolewa. Ukumbi unacheka. Ukweli ni kwamba hakuna sehemu iliyopotea. Filamu ilipigwa kwa kamera ya kidijitali, na mikwaruzo, madoa na michirizi yote ilipakwa baadaye kwa kompyuta na wataalamu waliolipwa kwa kazi hiyo. Planet Terror ilikuwa nusu ya mradi ulioitwa Grindhouse. Nusu ya pili ni Death Proof ya Quentin Tarantino, na pamoja nazo ziliwekwa trela za filamu ambazo hazikuwepo. Jumla ni saa tatu na dakika 11 za kuigiza jumba la sinema la hali ya chini la miaka ya sabini.

Kibiashara, Grindhouse ilianguka. Iligharimu zaidi ya dola milioni 50 na kuingiza takriban nusu ya hizo, na nje ya Amerika ya Kaskazini ikakatwa vipande viwili ili kila kimoja kiuzwe peke yake. Lakini iliacha watoto. Trela ya mzaha iliyoitwa Machete ikawa filamu kamili mwaka 2010. Nyingine, Hobo with a Shotgun, iliyokuwa imeshinda shindano la trela za kubuni lililofungamana na mradi huo, ikawa filamu kamili mwaka 2011 chini ya Mkanada Jason Eisener. Kwa njia zao wenyewe zikaja Black Dynamite ya mwaka 2009 na Kung Fury ya Wasweden mwaka 2015, na leo ni aina inayojulikana kabisa: picha za mapigano zinazojifanya za zamani, za bei rahisi, zenye damu nyingi na aibu kidogo. Mvuto wake ni wa kweli na una sababu za kuheshimika. Kasoro yake ni kwamba watengenezaji wengi wameiga makovu wakaiacha vita yenyewe, na kicheko wanachokitegemea kimekuwa ngao ya kuwazuia wasihukumiwe.

Ili kuona kilichoachwa, turudi kwenye kumbi za sinema za mtaa wa 42 jijini New York, na kwenye viwanja ambako watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Watayarishaji wa aina ya Roger Corman walikuwa na hesabu moja: filamu ya fedha kidogo, ikipigwa kwa wiki mbili tatu, ikawa na bango la kutisha na jina linaloahidi damu au mapaja, hurudisha mtaji kabla habari za ubaya wake hazijaenea. Nia ilikuwa kuchuma haraka, na hakuna aliyejidai kufanya sanaa. Lakini kwa kuwa kampuni kubwa hazikuwajali watu waliojaza kumbi hizo, ndani ya biashara hiyo chafu yalipita mambo ambayo yasingepita kwingine. Mwaka 1971 Melvin Van Peebles aliandika, akaongoza, akaigiza, akahariri na kutunga muziki wa Sweet Sweetback's Baadasssss Song, habari ya mtu mweusi anayewapiga polisi weupe waonevu, anakimbizwa filamu nzima, na mwisho anaponyoka akiwa hai. Ilianza kuonyeshwa katika majumba mawili tu, moja Detroit na jingine Atlanta, na ikaishia kukusanya mamilioni. Miaka miwili baadaye Pam Grier, katika Coffy, alikuwa muuguzi anayewasaka wauza dawa za kulevya walioangamiza maisha ya mdogo wake, na msako huo unamfikisha hadi kwa mwanasiasa aliyekuwa mpenzi wake. Zilikuwa filamu zenye mapengo, uigizaji wa kubahatisha na mazungumzo ya kukata kwa shoka. Waliozitazama, hata hivyo, walikuwa wakiona kwa mara ya kwanza mtu anayefanana nao akirudisha kofi.

Sasa tuwape warithi wao haki yao. Wanachokirudisha kwanza ni mwili. Filamu kubwa za mapigano za miaka hii zimejaa mashujaa wanaoruka baina ya majengo yasiyokuwepo, wakipambana na majitu yaliyochorwa na mamia ya watu walioketi mbele ya kompyuta. Jicho la mtazamaji si jinga, hutambua pale ambapo hakuna uzito. Katika Death Proof, Tarantino alimchukua Zoë Bell, mwanamke wa New Zealand aliyekuwa akifanya matukio ya hatari kwa niaba ya Lucy Lawless katika Xena na Uma Thurman katika Kill Bill, akampa nafasi ya kuigiza kwa jina lake mwenyewe. Bell analala juu ya boneti ya Dodge Challenger nyeupe inayokwenda kasi, akishikilia mikanda miwili iliyofungwa milangoni, huku gari la muuaji likiligonga ubavuni. Hakuna uso wa kubandika wala barabara ya kuchora. Moyo hudunda kwa sababu tunajua yule ni mtu na ile ni lami. Tukio hilo moja lina thamani kuliko mikwaruzo yote iliyopakwa kwenye nusu nyingine ya mradi.

Kinachofuata ni unyoofu. Mtu kadhulumiwa, anataka kulipa kisasi, dhalimu ana walinzi, na baada ya saa moja na nusu hesabu inafungwa. Anayetoka kwenye picha ya shujaa wa kubuni ya saa mbili na nusu, ambayo nayo inamtaka awe ameona nyingine kumi na mbili ili aielewe, hupumua. Zipo pia sura. Danny Trejo alikuwa na umri wa miaka 66 Machete ilipotoka. Alikuwa mfungwa na bondia wa gerezani kabla ya kuingia kwenye uigizaji, na kwa miaka mingi alikodishwa kuja kutisha kwa dakika chache kisha auawe. Kumfanya steringi mtu mwenye uso ule, wenye makunyanzi na makovu yake halali, ni jambo ambalo kampuni kubwa isingelifikiria.

Tatizo linaanzia kwenye zile dosari. Dolemite ya mwaka 1975, iliyochezwa na mchekeshaji Rudy Ray Moore, ina sifa duniani kwa maikrofoni inayoning'inia juu ya vichwa vya waigizaji, na kila anayeiga zama hizo hupenda kuingiza maikrofoni yake. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilitokana na kanda za video. Filamu ilipigwa kwa namna ambayo sehemu ya juu na ya chini ya picha ingefunikwa ukumbini, lakini ilipohamishiwa kwenye video bila kufunikwa, vitu ambavyo mpiga picha hakukusudia vionekane vikaonekana. Nakala ilipokarabatiwa na kuonyeshwa kwa vipimo vyake, maikrofoni nyingi zilitoweka. Kwa hiyo warithi wanaenzi kosa ambalo kwa kiasi kikubwa halikuwa la Moore. Yeye na wenzake walikuwa wanajaribu, kwa fedha waliyokuwa nayo, kutengeneza picha nzuri kadiri walivyoweza, na juhudi hiyo ndiyo inayotufanya tuwapende. Mwigaji wa leo anafanya kinyume, kama mtu anayevipaka viatu vipya vumbi ili aonekane ametoka shamba: ana uwezo wa kufanya vizuri, analipia kufanya vibaya, kisha anatukonyeza tujue kwamba alikusudia.

Black Dynamite inapona katika hili, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Ilipigwa kwa siku 20 kwa mkanda wa milimita 16, na Michael Jai White, steringi na mmoja wa waandishi wake, ni mpiganaji wa kweli mwenye mikanda myeusi ya mitindo kadhaa. Maikrofoni inapoteremka hadi karibu na nywele zake, anaitupia jicho la pembeni huku akiendelea na maneno yake. Mwigizaji mmoja anapopigwa ngumi kweli kwa bahati mbaya, picha inakatwa na mahali pake anasimama mtu mwingine, na pambano linaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Hiyo ni komedi, inajiita komedi, na kila mzaha wake unatokana na mtu anayezijua filamu zile kwa undani. Ninaowalalamikia ni wale wanaotaka viti viwili kwa wakati mmoja. Picha ikisisimua, wanadai sifa ya msisimko, na ikichosha, wanasema ilikuwa utani na wewe umeshindwa kuuelewa.

Machete inaonyesha viti hivyo viwili vizuri kuliko nyingine yoyote. Mwezi Aprili 2010 jimbo la Arizona lilipitisha sheria iliyowataka polisi kukagua hati za mtu wanayemshuku kuwa ameingia nchini kinyemela. Wiki chache baadaye Rodriguez akatoa trela maalumu iliyoelekezwa moja kwa moja kwa Arizona, na filamu ilipotoka Septemba ilikuwa na seneta, aliyechezwa na Robert De Niro, anayejijenga kisiasa kwa kuwachukia wahamiaji, huku mwanamke anayeuza chakula kwenye gari akiendesha kwa siri mtandao wa kuwasaidia. Vibarua, wapishi na wakata majani wanaposhika silaha mwishoni, filamu ya kuchuma haraka inarudi kwenye kazi yake ya asili, ile ya Van Peebles. Ila Rodriguez haiamini hasira yake. Kila inapopanda, anaichoma kwa kichekesho: utumbo wa adui unageuzwa kamba ya kurukia dirishani, na mtazamaji aliyekuwa ameanza kukunja ngumi anajikuta anacheka. Mwendelezo wake wa mwaka 2013, Machete Kills, uliisukuma kando hoja ya Arizona, ukamleta Charlie Sheen kuwa rais na Mel Gibson kuwa adui mkuu mwenye mipango ya kwenda angani, na mapato yakashuka hadi chini ya nusu ya yale ya kwanza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na watazamaji waliokwishaambiwa kwamba hakuna la kujali, hawakujali kurudi.

Hobo with a Shotgun ina jeraha hilo hilo, ila hapa linauma zaidi, kwa kuwa Rutger Hauer anaigiza kana kwamba yuko kwenye filamu nyingine. Mzee asiye na makazi anashuka kwenye treni ya mizigo akiwa na ndoto moja, kununua mashine ya kukatia majani ajitafutie riziki. Mji aliofikia umeoza kiasi kwamba anaishia kununua bunduki. Kuna tukio anasimama mbele ya vitoto vichanga hospitalini na kuviambia, taratibu na bila kejeli, maisha yanayovisubiri, na kwa dakika mbili tatu filamu inakuwa na kitu cha kusema kuhusu umaskini na mji uliotelekezwa. Lakini filamu hiyo hiyo ina vijana wanaochoma basi la shule lililojaa watoto huku muziki wa disko ukipigwa. Anayetetea tukio hilo atasema kwamba filamu za zamani zilikuwa za kuchukiza pia. Zilikuwa, lakini ziliposhtua zilitaka ushtuke. Hii inataka tupongeze ujasiri wake wa kushtua. Kung Fury, ambayo ina askari wa kung fu, dinosaria na Hitler, niiseme kwa sentensi moja tu: inafurahisha kwa dakika zake 31, na isingestahimili ya 32.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ninayapaka manukato yaliyopita. Filamu za miaka ya sabini zilikuwa za kinyonyaji kweli. Mwaka 1972 viongozi wa tawi la Hollywood la NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, walizishutumu kwa kujaza skrini wauza unga na wahuni wakati faida ikienda kwa wazungu wenye kampuni. Pam Grier, pamoja na ushujaa wake wote, alivuliwa nguo katika karibu kila filamu ya wakati ule. Je, si afadhali kejeli ya leo, inayotuwezesha kufurahia fujo bila kumeza ubaguzi? Nakubali shutuma, lakini sikubali kwamba kejeli imezitibu. Katika Planet Terror, Rose McGowan anacheza mnenguaji aliyekatwa mguu na kuwekewa bunduki ya rashasha mahali pake. Ni picha ya kusisimua na inayokumbukwa, lakini kamera inamtazama kwa jicho lile lile la mwaka 1973, na tofauti ni kwamba sasa jicho hilo lina kisingizio kwamba linanukuu. Hata tukio lililopotea lilikuwa la mapenzi, kwa hiyo utani wenyewe unategemea uchu wa mtazamaji anayedhani amenyimwa kitu. Coffy, ndani ya unyonyaji wake wote, ilimpa mwanamke mweusi hasira yenye sababu na ikaiacha hasira hiyo itawale filamu hadi mwisho. Nikiwekewa filamu mbili zenye dhambi moja, nachagua ile iliyolipa kitu.

Wengine watauliza: tangu lini kuiga kukawa kosa? Kila fani hukopa kwa waliotangulia. Jibu zuri linatoka kwa Tarantino mwenyewe, miaka kumi kabla ya Grindhouse. Katika Jackie Brown ya mwaka 1997 alimchukua Pam Grier, aliyekuwa amekaribia miaka 50, akampa nafasi ya mhudumu wa ndege anayevusha fedha za muuza silaha na kubanwa na polisi upande mmoja na mwajiri upande wa pili. Hakuna mkwaruzo, hakuna maikrofoni inayoning'inia. Kuna muziki wa zama zile, kuna uso tunaoukumbuka ukiwa kijana, na kuna swali ambalo Coffy haikuwa na nafasi ya kuliuliza: mwanamke wa namna hii, akifikisha umri huo bila akiba wala ndoa, anaishije? Hilo ndilo deni lililolipwa vizuri. Lilichukuliwa la ndani, ganda likaachwa, na kwa maoni yangu Tarantino hajafanya filamu ya kiutu kuliko hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana pingamizi lake, na ni la haki. Huku tumezoea kutazama picha za mapigano tukicheka. Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya walizitafsiri kwa Kiswahili huku wakiwatania maadui, wakiwabandika wahusika majina ya mtaani na kumsimanga steringi akichelewa kurusha ngumi, na vibandaumiza vilijaa. Kwa nini basi kicheko cha Rodriguez kiwe sumu? Kwa sababu mtafsiri amekaa nje ya filamu. Mcheza karate wa Hong Kong anayetaniwa na DJ Afro hajui kama anataniwa. Anaendelea kulipiza kisasi cha mwalimu wake kwa uchungu wote, na utani unanoga kwa kuwa unapishana na uchungu huo. Mchekeshaji akiingia mwilini mwa steringi mwenyewe, hakuna kinachobaki cha kupishana nacho.

Studio ya Wakaliwood ya Kampala inaliweka hili wazi. Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa kiasi kinachotajwa kuwa chini ya dola 200, akihariri kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe, bunduki zikichomelewa kwa vyuma chakavu na majirani wa mtaa wake wa Wakaliga wakiwa ndio makomando. Juu yake kuna sauti ya VJ Emmie anayeshangilia, anayewatania wahusika na kuwatangazia watazamaji kwamba moto unakuja. Kicheko kimo tele, na Nabwana mwenyewe anacheka. Lakini hakuna umaskini wa kupaka humo. Nakala asilia haipo kwa sababu ilibidi ifutwe kupata nafasi ya kuhifadhi kazi iliyofuata, na iliyosalia ni ile yenye sauti ya VJ. Wapo watazamaji wa Ulaya na Marekani walioipokea kana kwamba ni kejeli nyingine ya aina ya Kung Fury, na siwalaumu sana: wamefundishwa kwa miaka kwamba picha mbovu ni mtindo wa mtu mwenye fedha. Nabwana angepata helikopta ya kweli, angeirusha.

Kati ya trela zote za Grindhouse, ile ya Eli Roth, Thanksgiving, ndiyo iliyochelewa zaidi kuwa filamu, na ilipotoka mwaka 2023 ilikuwa imefanya uamuzi ambao wenzake hawakuufanya: uchakavu wote wa kubandika ulivuliwa. Ni ya kutisha zaidi kuliko ya mapigano, na nusu yake ya pili inafuata njia iliyozoeleka ya muuaji mwenye barakoa. Iliingiza zaidi ya dola milioni 40 kwa gharama isiyofika nusu ya hizo. Inaanza kwa umati uliojazana usiku mbele ya duka kubwa la Plymouth, Massachusetts, ukisubiri bei za punguzo. Vioo vinavunjika, watu wanakanyagana na kufa, na baadhi ya waliobaki hai wanaendelea kubeba bidhaa. Damu ni nyingi na kichekesho kipo, tena kikali, lakini Roth anajua hasa anamkasirikia nani, na wengi waliokuwa wamekaa ukumbini walikuwa wamewahi kupanga foleni ya namna ile.